Chatu wa Kijani na Mfugaji Anayeanza

Chatu wa kijani wa mitini, ambaye wanasayansi humwita Morelia viridis, ni nyoka asiye na sumu anayepatikana katika misitu ya mvua ya kisiwa cha New Guinea, katika visiwa vya Indonesia vilivyo jirani, kama Aru, na katika Rasi ya York kaskazini mwa Australia. Rangi yake imemfanya atamaniwe sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, wakiwamo wengi ambao hawajapata kufuga nyoka hata mmoja, na uzuri huo ndio unaowaponza, kwa kuwa mtu humchagua kwa macho kabla hajajiuliza kama ataweza kumtunza kiumbe anayeweza kuishi miaka 15 au 20.

Nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye kwa kawaida hupendekezwa kwa wanaoanza, huvumilia makosa madogo ya hali ya hewa ndani ya kizimba chake, ilhali chatu wa kijani huyavumilia kwa shida, na tatizo kubwa zaidi huwa ni unyevu. Mfugaji mgeni husikia kwamba nyoka huyu ametoka kwenye msitu wa mvua, naye huziba matundu ya kizimba na kunyunyiza maji mpaka kuta zikashinda zimelowa, akisahau kwamba hata msituni mvua hupita, upepo ukavuma na matawi yakakauka. Hewa iliyotuama na iliyojaa unyevu hulea kuvu na bakteria, na matokeo yake huwa vidonda vya ngozi na nimonia. Lakini pia pakikauka mno, nyoka hupungukiwa na maji mwilini na ngozi yake humbanduka vipandevipande anapojivua gamba. Kinachotakiwa, basi, ni unyevu unaopanda baada ya kunyunyiza na kushuka kabla ya kunyunyiza tena, pamoja na upande mmoja wenye joto la nyuzi 30 za selsiasi hivi na mwingine wenye nyuzi 25, ili nyoka ajichagulie mwenyewe. Hali hiyo haipatikani kwa kukisia: inahitaji kipimajoto, kipimaunyevu na themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima chanzo cha joto kulingana na kipimo kilichowekwa, na vyote hivyo vinapaswa kufanyiwa majaribio kwa wiki kadhaa kabla nyoka hajaletwa.

Ugumu huongezeka zaidi kwa watoto wake, ambao huanguliwa wakiwa wa manjano au wekundu wa kahawia, wakiwa na uzito wa takriban gramu 10 tu, na huanza kugeuka kijani baadaye. Wengi wao hukataa kula vitoto vya panya mwanzoni, na uti wao wa mgongo ni mwororo kiasi kwamba kuwabandua kwa nguvu kutoka tawini kunaweza kuwaachia kilema. Hata chatu aliyekomaa, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi, si nyoka wa kushikwashikwa. Ana meno marefu ya mbele na vishimo vya midomoni vinavyohisi joto, hivyo mkono wenye joto ukipenya kizimbani usiku, anapowinda, huweza kuuvamia kama windo.

Suala la asili yake halipaswi kupuuzwa. Utafiti wa Jessica Lyons na Daniel Natusch, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba angalau asilimia 80 ya chatu hawa waliosafirishwa kutoka Indonesia kila mwaka, wakiandikishwa kuwa wamezaliwa katika mashamba ya kufugia nyoka, walikuwa wamekamatwa porini. Nyoka wa namna hiyo mara nyingi hufika akiwa na minyoo na amedhoofika kwa safari, na anayemnunua, hata kama hakujua, husaidia kuipunguza idadi ya chatu waliobaki msituni. Biashara ya chatu wote inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na katika nchi kama Kenya na Tanzania kufuga wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai.

Kwa hiyo, kitoto cha chatu wa kijani hakimfai mfugaji anayeanza, na aliyekamatwa porini hamfai mfugaji yeyote. Anayemtaka nyoka huyu kwa dhati na aanze na jamii iliyo stahimilivu zaidi mpaka azoee kusoma vipimo na kutambua dalili za ugonjwa. Na kama hawezi kungoja, basi amtafute chatu aliyezaliwa kizimbani, aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi na anayekula bila kusita, amwombe muuzaji kumbukumbu za ulishaji wake, na ahakikishe kwamba yupo karibu daktari wa mifugo anayewafahamu reptilia. Akikosa hata moja kati ya hayo, asinunue.