Gari la Zamani Linapovuja Oili Kidogo Kidogo

Injini ndogo ya petroli, kama ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Toyota IST, Probox au Premio, hubeba oili isiyofika lita 4. Pampu huivuta oili hiyo kutoka kwenye sampu, ikaipandisha hadi kwenye kamshafti zilizo juu kabisa, kisha oili hushuka yenyewe na kurudi ilikotoka. Njia nzima imejaa maungio: kifuniko kinapokalia kichwa cha injini, sampu inaposhikana na bloku, ncha ya krenki inapotokeza nje ili kuzungusha puli. Kila ungio limezibwa kwa gasketi, sili, oringi au silikoni. Vizibo hivyo huzeeka muda mrefu kabla ya chuma kinachovishika.

Kinachovizeesha ni joto pamoja na miaka. Raba mpya ikibanwa hubonyea, halafu hujitutumua kurudi, na huko kujitutumua ndiko kunakozuia oili isipite. Baada ya miaka mingi kwenye joto la nyuzi 90 na zaidi, raba hukauka, hupungua unene na kukaa vilevile ilivyobanwa. Gasketi ya namna hiyo ikitolewa haipindi, hukatika vipande mikononi mwa fundi. Miaka yake huanza kuhesabiwa kiwandani, wala si siku gari liliposhushwa bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania huyaruhusu makubwa kwa umri lakini huyatoza ushuru zaidi. Kwa hali yoyote, gari "jipya" la mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam kwa kawaida lina raba iliyokwisha kupikwa Japani kwa miaka kadhaa. Likitembea hapa miaka kumi mingine, ajabu ingekuwa kutovuja kabisa.

Swali la kwanza, basi, ni kiasi. Doa la sakafuni ni kipimo kibaya, kwa sababu tone moja likianguka juu ya saruji husambaa likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Tone la oili lina takriban sehemu ya ishirini ya mililita. Gari linalodondosha tone moja kila dakika kwa saa 10 za usiku humwaga matone 600, yaani mililita 30 hivi, ujazo wa vijiko viwili vya chakula. Asubuhi hiyo pekee haina madhara. Lakini mililita 30 za kila usiku kwa siku 30 ni mililita 900, na hapo injini yenye lita 3.7 imepoteza karibu robo ya oili yake bila kuhesabu ile iliyovuja barabarani, ambako presha ya pampu huisukuma kwa nguvu zaidi.

Kipimo cha kweli ni dipstiki. Gari huwekwa mahali tambarare, injini ikiwa haijawashwa tangu usiku au imezimwa kwa dakika kumi hivi ili oili yote ishuke. Kijiti huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa safi, hurudishwa mpaka mwisho, kisha huchomolewa tena na kusomwa. Kwenye magari mengi madogo nafasi iliyopo kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 1 au zaidi kidogo. Mwenye gari akiandika namba ya kilomita kila anapoongeza oili na kiasi alichoongeza, baada ya miezi miwili ana jibu ambalo hakuna fundi awezaye kumpa kwa kuchungulia tu. Nusu lita katika kilomita 3,000 ni jambo la kupanga matengenezo kwa utulivu. Nusu lita kwa wiki ni jambo la kwenda gereji.

Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili haifai kabisa kwa kazi hii, ingawa madereva wengi huitegemea. Katika magari ya aina hii taa hiyo huonyesha presha, si kimo. Huwaka pampu inapokosa cha kuvuta, na kufikia hapo beringi za krenki huenda zimekwisha kukwaruzana kavu. Ikiwaka safarini, injini huzimwa papo hapo, hata kama petrol steshoni inaonekana mbele.

Kabla ya kumlaumu mtu au gasketi, ni vizuri kuhakikisha kinachodondoka ni oili ya injini. Boksi la kadibodi likilazwa chini ya gari usiku kucha hutoa ushahidi mzuri. Oili ya injini huwa ya rangi ya asali ikiwa mpya na nyeusi ikiwa ya zamani, tena huteleza vidoleni. Oili ya giaboksi ya otomatiki na ya pawa stiaringi aghalabu ni nyekundu, japo nayo hugeuka kahawia kwa uzee. Maji ya radieta ni mepesi, ya kijani, waridi au mekundu, na yana harufu tamutamu. Maji matupu upande wa dashibodi ni ya kiyoyozi, hayana neno.

Upo pia upotevu usioacha doa popote. Oili ikipungua na kadibodi ikabaki kavu, kuna uwezekano inaungua ndani ya silinda, na moshi wa bluu kwenye ekzosi huthibitisha. Injini ya 1ZZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.8 iliyomo kwenye baadhi ya Corolla, Wish na Premio, ina sifa hiyo hasa katika matoleo ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na huziba. Gari linaweza kuvuja na kuunguza kwa wakati mmoja, na hapo mwenye gari hubadilisha gasketi zote akabaki akishangaa kwa nini dipstiki bado inashuka.

Kutafuta tundu ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na haraka. Oili hufuata mteremko, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone linaloning'inia kwenye sampu huenda limetoka kwenye kifuniko cha juu, likatambaa ubavuni mwa bloku, likapita juu ya alteneta na kuishia mbali na chanzo chake. Fundi anayelala chini ya gari, akaona sampu imelowa na kusema "sampu inavuja" bila kuosha kitu chochote, anabahatisha kwa fedha ya mwenzake. Injini huoshwa kwanza, ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi na maji kidogo, huku alteneta, koili za plagi na viunganishi vya nyaya vikiwa vimefunikwa kwa plastiki. Ikishakauka, sehemu zinazoshukiwa hupakwa poda ya watoto, ile ile ya dukani. Gari huendeshwa kilomita chache na boneti hufunguliwa tena. Mstari mweusi juu ya weupe ule huonyesha njia ya oili, na mwanzo wa mstari huo kwa juu ndio unaotakiwa. Gereji zenye vifaa hutia rangi maalumu ndani ya oili na kumulika kwa taa ya miale ya urujuanimno. Poda ni ya bei nafuu, na kwa uvujaji wa polepole inatosha mara nyingi.

Utafutaji huanzia juu, na huko juu mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava, yaani kile kifuniko kinachokalia kichwa cha injini. Iko karibu na joto, na kwenye injini nyingi huvujia upande wa ekzosi, ndiyo maana harufu ya oili inayoungua husikika gari linaposimama kwenye foleni. Visima vya plagi navyo vina raba zake. Zikichoka, oili hujaa kisimani, koili huharibika na injini huanza kukosa moto. Plagi ikichomolewa ikiwa imelowa oili kwenye nyuzi zake, chanzo kimejulikana.

Kabla ya kununua gasketi, hata hivyo, kuna kijidude kimoja ambacho gereji nyingi hukiruka: vali ya PCV, inayochomekwa au kufungwa kwenye tapeti kava na kuunganishwa na mpira unaoelekea kwenye manifoldi ya hewa. Kazi yake ni kunyonya gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu. Ikiziba kwa utelezi mweusi, gesi hizo hukosa pa kutokea, presha hupanda ndani ya injini na oili husukumwa nje kupitia kila kizibo dhaifu. Vali nzima ikitikiswa husikika ikicheza ndani. Isiyolia husafishwa au hubadilishwa. Mtu anaweza kubadilisha sili tatu mfululizo na zote zikavuja tena kwa sababu ya vali iliyoziba.

Gasketi ya tapeti kava yenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Injini ikiwa baridi, koili huchomolewa, mipira hutolewa na boliti hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kava likinyanyuliwa, mabaki ya gasketi na silikoni kuukuu huondolewa kwa kikwaruzo cha plastiki, maana chuma hukwaruza alumini na kufungua njia mpya ya oili. Gasketi mpya ya raba huwekwa kavu. Silikoni hupakwa tone tu kwenye pembe mbili ambako kava la cheni linakutana na kichwa cha injini, kwa kuwa hapo pana kijipengo. Mafundi wengi huizungusha gasketi nzima kwa silikoni wakidhani wanaongeza usalama. Kinachofurika upande wa ndani hukatika, huanguka kwenye sampu na kunaswa kwenye chujio la pampu ya oili. Tone la nje limekoma, lakini injini imeanza kunyimwa oili. Boliti hurudishwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa nguvu ndogo, takriban nyutonimita 10, ambayo ni nguvu ya kiganja na spana fupi. Kuzikaza hadi mwisho hupasua gasketi mpya siku ile ile.

Zinazofuata ni sehemu ndogo ambazo aghalabu huvuja bila kushukiwa. Kwenye 1ZZ-FE kitensha cha cheni kimefungwa kwa nje kwa nati mbili, na oringi yake ikikauka hulowanisha upande mzima wa injini. Oringi hiyo ni ya bei ndogo kuliko oili inayopotea. Swichi ya presha ya oili nayo hupasuka ndani na kuvujia kwenye waya wake. Filta huweza kufungwa juu ya raba ya filta iliyotangulia iliyobaki imegandamana na injini, na hapo uvujaji si wa polepole tena: sampu nzima huweza kumwagika ndani ya kilomita chache. Nati ya sampu hutaka washa mpya kila oili inapomwagwa, na ikikazwa kwa hasira nyuzi zake hukwanguka.

Lipo pia kosa la galoni. Oili nyingi huuzwa kwa galoni ya lita 4, injini ya lita 1.5 inataka lita 3.7 pamoja na filta, na fundi humimina galoni yote ili mteja asione amepunjwa. Oili iliyozidi alama huweza kupigwa na krenki ikatoa povu na kuzidisha msukumo kwenye sili zilizochoka. Tone likianza kuonekana siku chache baada ya sevisi, dipstiki ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Dawa za chupa zinazouzwa kuzuia uvujaji hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha raba iliyokauka. Kwa sili ngumu ambayo haijapasuka huweza kupunguza matone baada ya kilomita mia kadhaa. Kwa gasketi iliyokatika hazifanyi lolote, na zikitiwa mara kwa mara hulegeza hata raba zilizokuwa nzima. Oili ya magari yenye kilomita nyingi ina viambato vya namna hiyo kwa kiasi cha upole, na ndiyo ya kujaribu kwanza. Kuhamia oili nzito kama 20W-50 kwa ajili ya uvujaji tu ni jambo la kutazamwa vizuri: injini zenye VVT-i, yaani mfumo wa kurekebisha muda wa vali, huendesha mfumo huo kwa presha ya oili kupitia vitundu vyembamba, na kitabu cha gari ndicho kinachosema uzito gani unakubalika kwa hali ya joto ya mahali.

Uvujaji mdogo huacha kuwa mdogo kutegemea oili inakoangukia. Kwenye manifoldi ya ekzosi huleta moshi na huweza kuwaka. Kwenye alteneta huharibu brashi zake, na kwenye belti na mipira ya radieta huvimbisha raba hadi ikakatika. Gari la namna hiyo halingoji mwisho wa mwezi hata kama dipstiki haijashuka.

Sili ya nyuma ya krenki ina hesabu tofauti. Iko kati ya injini na giaboksi, yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe, na gharama yote iko kwenye kazi hiyo. Kwa gari la miaka 20 linalopoteza robo lita katika kilomita 1,000 kwa sababu ya sili hii, uamuzi wa busara mara nyingi ni kuongeza oili, kulaza kadibodi pale linapoegeshwa ili oili isifike kwenye mtaro na kisima cha jirani, na kusubiri. Kwenye gari la gia za mkono kungoja huko kuna mpaka: klachi ikianza kuteleza kwa kulowa oili, giaboksi itashushwa hata hivyo, na sili hubadilishwa siku hiyo hiyo pamoja na bamba la klachi.