Anayetaka Kusomea Fiziotherapia Aanzie Wapi?



Katika kikao chetu cha vijana hapa Likoni tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Kijana mmoja wa Mtongwe alisimama akasema: "Mimi nina digrii ya Biolojia. Nimeomba digrii ya pili ya fiziotherapia mara mbili, na mara mbili nimekataliwa. Kosa langu ni lipi?"

Tulipomhoji polepole tukaelewa. Alipomaliza kidato cha nne, binamu yake aliye Marekani alimwambia kwa simu: "Soma kwanza digrii yoyote ya sayansi. Fiziotherapia utaiomba baadaye." Kijana akasikia. Mama yake akauza kipande cha shamba la minazi upande wa Kwale ili karo ipatikane. Miaka minne ikapita, digrii ikapatikana, na mlango ukawa umefungwa.

Binamu hakusema uongo. Alisema ya kule aliko. Kule ndivyo, huku sivyo. Basi tumeuliza, tumesoma, na leo twawaeleza mambo tuliyoyapata, ili mzazi mwingine asiuze minazi yake kwa sababu ya maneno ya simu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi wetu tukisikia fiziotherapia twafikiri ni kuchua kwa mafuta. Kuchua kumo, lakini ni sehemu ndogo tu. Mtaalamu wa fiziotherapia humpima mgonjwa, akajua ni misuli gani imelegea na kiungo gani kimekaza, kisha akampangia mazoezi ya kurudisha nguvu na mwendo. Humshughulikia mzee aliyepatwa na kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, na mama mwenye maumivu ya mgongo.

Hapa Likoni twaijua haja yake. Mgonjwa wa kiharusi huambiwa arudi kliniki mara kwa mara kwa majuma mengi. Wagonjwa wengi wa kwetu huvuka feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kule kisiwani. Hebu fikiria mzee ambaye mguu mmoja hausikii, ateremke ule mteremko wa feri katikati ya umati, apande ng'ambo ya pili, atafute tuktuk, halafu jioni arudi vivyo hivyo. Mara ya kwanza huenda. Mara ya pili huenda. Mara ya tatu watu wa nyumbani husema, "Acha tu, tutamkanda hapa hapa." Mkono ukakaza, na ukishakaza kuulegeza ni kazi kubwa. Ndiyo maana kijana wa Likoni akitaka kusomea kazi hii, sisi hatuoni kuwa ni shauri lake peke yake.

NJIA YA HAPA KENYA

Jambo la kwanza kulishika ni hili: hapa Kenya fiziotherapia husomwa moja kwa moja baada ya kidato cha nne. Huhitaji digrii nyingine kabla yake.

Kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni diploma ya miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, yaani KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927. Anayeomba diploma hutakiwa awe na wastani wa C katika KCSE, na awe amefanya vizuri katika Biolojia, lugha na masomo mengine ya sayansi. Tangu mwaka 2023 maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, ile ofisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Si kampasi zote za KMTC zinazofundisha fiziotherapia, kwa hiyo soma orodha vizuri kabla ya kuchagua.

Mlango wa pili ni digrii ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja ni baadhi ya vyuo vilivyo na digrii hiyo. Hapa hutakiwa C+ na kuendelea, na alama za sayansi ziwe za nguvu zaidi.

Aliyekosa digrii asikate tamaa. Mwenye diploma aweza kufanya kazi, akajiwekea akiba, kisha akaomba digrii akiwa tayari ni mtu wa kazi.

Jirani zetu Tanzania nao wana mafunzo haya katika hospitali ya KCMC kule Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Chuo kikuu kilicho hapo hutoa digrii ya fiziotherapia. Mtu wa Pwani aweza kufika Moshi kupitia Voi na Taveta, na si lazima apande ndege.

BARAZA NA LESENI

Mwaka 2014 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia. Sheria hiyo iliunda baraza linalosimamia kazi hii. Baraza ndilo linaloidhinisha vyuo, kuandikisha wataalamu na kutoa leseni. Bila kuandikishwa na bila leseni, huruhusiwi kufanya kazi, hata uwe na cheti cha rangi ya dhahabu.

Kwa hivyo, mzazi, kabla hujalipa hata shilingi moja ya karo, uliza baraza swali moja tu: "Chuo hiki, na kozi hii, mmeviidhinisha?" Angalia maneno haya mawili. Chuo chaweza kuwa halali kwa kozi nyingine na kisiwe na idhini ya fiziotherapia. Tena usikubali kuonyeshwa barua na mtu wa chuo. Uliza mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

DIGRII YA PILI HUHITAJI NINI?

Sasa twarudi kwa kijana wetu. Digrii ya pili ya fiziotherapia, hapa kwetu na kule Afrika Kusini, ni ya mtu ambaye tayari ni mtaalamu wa fiziotherapia. Haikuanzishi kazi, hukuongezea ujuzi: mgongo na viungo, watoto, mishipa ya fahamu, au utafiti. Wakenya, Watanzania na Wanyarwanda wengi wameisomea katika Chuo Kikuu cha Western Cape, karibu na Cape Town, na baadhi yao wakarudi kufundisha wengine nyumbani.

Anayeomba huwa na digrii ya kwanza ya fiziotherapia, karatasi rasmi za alama, uthibitisho kuwa ameandikishwa na baraza la nchi yake, barua za watu wanaoijua kazi yake, na maelezo mafupi ya jambo analotaka kulichunguza. Biolojia ya kijana wetu ni elimu nzuri, lakini kwa mlango huu siyo ufunguo wake.

MAREKANI NA UINGEREZA

Kule Marekani mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Huko fiziotherapia yenyewe husomwa baada ya digrii ya kwanza. Mtu husoma digrii yoyote, mradi amechukua masomo wanayoyataka, kama biolojia, anatomia, fiziolojia, kemia, fizikia na takwimu. Kisha huomba kozi ya udaktari wa fiziotherapia iitwayo DPT, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao PTCAS. Vingi pia hutaka uthibitisho kuwa mwombaji ametumia saa kadhaa akiwatazama wataalamu wakifanya kazi. Akimaliza, hufanya mtihani wa taifa ndipo apewe leseni ya jimbo.

Uingereza nako kuna njia ya aliye na digrii nyingine, mara nyingi miaka miwili. Lakini hapa pana mtego. Digrii za pili za fiziotherapia kule ni za aina mbili. Moja humfanya mtu astahili kuandikishwa kama mtaalamu. Nyingine ni ya mtu ambaye ameshakuwa mtaalamu, na haimwandikishi asiye mtaalamu. Majina yake hufanana sana. Uliza kama kozi imeidhinishwa na HCPC, ambalo ndilo baraza lao.

Basi kijana wetu angeweza kuomba huko. Tatizo ni pesa. Karo ya Marekani kwa mwaka mmoja mara nyingi ni makumi ya maelfu ya dola, na anayeomba viza ya mwanafunzi lazima aonyeshe pesa za kumtunza zitatoka wapi. Hatumkatazi mtu kuota mbali. Twasema tu ajue bei ya nauli kabla hajapanda chombo.

KUJAZA FOMU

Popote unapoomba, mambo haya yatakusaidia.

Kwanza, anza mapema. Majina kwenye kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE yawe sawasawa. Hapa Pwani wengi wetu tuna Mohamed kwenye karatasi moja na Muhammad kwenye nyingine, na kusahihisha huchukua miezi.

Pili, nenda ukaione kazi kwanza. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na kwa miaka mingi kimehudumu hapa Mombasa kule Port Reitz, na pia Bombolulu, ambako karakana zake zilianza mwaka 1969. Omba ruhusa kwa adabu, ukae, utazame. Andika tarehe na saa katika daftari, na umwombe msimamizi atie sahihi.

Tatu, barua ya kujieleza usiinunue kwa mtu wa saiba. Wanaosoma maombi huziona barua nyingi zinazosema, "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Wewe eleza ulichokiona. Kama ulimshika nyanya yako mkono kuvuka feri kwenda kliniki, sema hivyo, useme alianza vipi na aliishia vipi, na wewe ulijifunza nini.

Nne, barua ya kukutambulisha iandikwe na mtu aliyekufundisha au aliyefanya kazi nawe. Barua ya mheshimiwa asiyekujua haina uzito.

Tano, shika mambo ya pesa tangu mwanzo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ipo tangu mwaka 1995, na wanafunzi wa KMTC nao huomba. Fomu za basari za kaunti zikitoka, zijaze siku hiyo hiyo.

Sita, ajenti akikwambia nafasi ipo lakini ulipe leo jioni, ondoka. Nafasi ya halali ina barua ya chuo na akaunti ya chuo. Haipitii kwa simu ya mtu binafsi. Na kama pesa ni za harambee, hapo mwangalifu zaidi, maana ni jasho la mtaa mzima.

KIJANA WETU JE?

Tulikaa naye, na mamake akawapo. Tukamwekea wazi njia zote: kutafuta ufadhili wa ng'ambo, kusomea digrii ya pili ya jambo lingine linalopokea Biolojia, au kuanza upya hapa nyumbani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama cheti chake cha KCSE bado chafaa. Tukamwambia chafaa, gredi yake yafika.

Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Minazi imekwenda, lakini mtoto ninaye. Na aanze." Hadi twaandika haya, kijana ameomba diploma ya fiziotherapia, na wakati akingoja majibu anakwenda Port Reitz mara mbili kwa juma kutazama kazi, daftari mkononi.

Nawe msomaji, kama una mtoto wa kidato cha tatu au cha nne anayependa kazi hii, keti naye juma hili mwangalie alama zake za Biolojia. Wakati wa kumsaidia ndio huu. Na mwenye swali aje tusome fomu pamoja kabla hajalipa.