Ndizi Haina Ghala

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Tuuchukue usemi huo kama dai linalohitaji kupimwa, na tukalipimie Bukoba na Muleba, kwa Wahaya wa mkoa wa Kagera. Kabla ya hapo tutenganishe maneno matatu ambayo mazungumzo huyachanganya. Ukarimu ni kutoa usichodaiwa. Wajibu ni kutoa unachodaiwa, hata pasipo hati. Bima ni kutoa leo ili siku yako ikifika nawe upewe.

Tuanze na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba ya Mhaya. Migomba haizai kwa pamoja: huu unakatwa leo, ule mwezi ujao. Tena mkungu ukishakatwa haungoji mtu. Wiki moja hivi umeiva, siku chache baadaye umeoza. Mkulima wa mahindi ana ghala, wa ndizi hana. Mkungu uliozidi mahitaji ya nyumba una njia tatu tu: sokoni, kwenye rubisi (pombe ya ndizi), au kwa jirani. Rubisi nayo haiwekeki. Ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, maji yake yakatiwa mtama na kuachwa yachachuke. Zikipita siku chache, ladha imeharibika. Kwa hiyo aliyetengeneza rubisi sharti aite watu. Anayekupa chane mbili za ndizi hajajinyima kama anayekupa debe la mahindi kabla mavuno mapya hayajafika.

Ndipo yanapoingia malezi. Mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, hata kabla hajasema kilichomleta. Zamani punje hizohizo zilifunga udugu wa kuchanjiana, omukago. Tunda la kahawa huwa na punje mbili, na kila mmoja alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Mtoto aliyetumwa tangu akiwa mdogo apeleke ndizi kwa jirani hakumbuki siku aliyofundishwa kutoa. Mkono ulizoea kwanza. Jina la ukarimu alilisikia baadaye.

Mtu anaweza kupinga: hiyo ni bima tu iliyovishwa nguo ya adabu. Pingamizi hili ni zito, na kwa bahati lilipata mahali pa kupimwa. Mwaka 2000 watafiti walikihoji kijiji kizima cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kaya 119. Kila mtu mzima aliulizwa ni nani yeye anaweza kumtegemea kwa msaada, au ni nani anayeweza kumtegemea yeye. Mara nyingi mmoja alimtaja mwenzake, na mwenzake hakumtaja. Sasa bima gani hiyo ambayo pande mbili hazikubaliani kama ipo? Kijiji hichohicho kilikuwa na bima halisi, nayo haikuwa na utata wowote: vyama vya kufa na kuzikana, vyenye kanuni, michango inayojulikana na faini kwa asiyetimiza sehemu yake. Watu hawa walijua vizuri kuandika madeni walipotaka. Misaada ya jirani kwa jirani waliamua kutoiandika.

Watafiti waliona jambo jingine. Kaya ilipopatwa na ugonjwa, chakula chake kilikingwa vizuri na wanakijiji wenzake. Matumizi mengine hayakupata kinga ya kiasi hicho. Kilichotoka kwa wepesi ni kile ambacho kibanja kilikuwa kimeizoesha mikono kukitoa.

Kwa hiyo wahenga nawapa nusu ya alama. Moyo upo, ila umefunzwa na migomba, na hufika pale mafunzo yalipofika. Sahani ya ndizi ni rahisi. Kumtunza mtu kwa miaka, ambako hakuna mkungu unaooza wa kukuharakisha, ni jambo jingine kabisa.

Mpaka huo unaonekana katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mila ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la namna hiyo maisha yake yote, bila kuliuza. Alipozeeka na kuona hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ukoo ulipinga, kesi ikaanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Wanasheria hulikumbuka shauri hilo kwa sababu ya hukumu. Mimi hutazama tarehe. Shamba liliuzwa tarehe 24 Agosti 1988. Mwanaukoo alifika mahakamani kulidai tarehe 25.