Miji ya Uholanzi iliyokuzwa na wageni

Mwaka 1622 maafisa wa Holland, jimbo lenye nguvu kuliko mengine katika Jamhuri ya Uholanzi, walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu. Hawakusukumwa na hamu ya elimu; walitaka kutoza kodi ya kichwa. Hata hivyo, orodha zao zimetuachia picha ya eneo dogo lililosheheni miji kuliko karibu sehemu yoyote ya Ulaya ya zama hizo.

Amsterdam ilikuwa na wakaazi wapatao 105,000, Leiden karibu 45,000 na Haarlem zaidi ya 39,000. Ikafuata Delft, kisha Enkhuizen, Rotterdam na Dordrecht, kila mmoja ukiwa na watu karibu 20,000. Mtu angeweza kuondoka Amsterdam kwa miguu asubuhi na kula chakula cha mchana Haarlem.

Nusu karne kabla, Amsterdam ilikuwa bandari ya watu 30,000 hivi. Kitovu cha biashara kilikuwa Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Mwaka 1585 Antwerp ilisalimu amri mbele ya jeshi la Hispania, na Waprotestanti wake wakapewa miaka minne wachague: kurejea Ukatoliki au kuhama. Katika muda huo mji ukapoteza karibu nusu ya watu wake. Wengi walielekea kaskazini na mitaji yao, ufundi wao na majina ya wateja wao.

Leiden: nafasi za waliokufa

Leiden ilikuwa na sababu ya pekee ya kuwapokea. Ilizingirwa na Wahispania hadi Oktoba 3, 1574, na maelfu ya wakaazi wakafa kwa njaa na maradhi. Wafumaji kutoka Flanders walikuta nyumba tupu na baraza la mji lililokuwa tayari kuwakaribisha. Vitambaa vyao vya sufu viliufanya Leiden kuwa miongoni mwa miji mikuu ya nguo barani Ulaya, na kufikia miaka ya 1660 ulikuwa na watu wapatao 60,000. Utajiri huo haukumfikia kila mtu: familia nyingi zilibanana katika vyumba vidogo, na watoto, wakiwemo mayatima, walisokota uzi badala ya kwenda shule.

Makaburi na milango

Jambo moja husahaulika kwa urahisi: miji hii haikuweza kujikuza yenyewe. Maji machafu na msongamano viliwaua watu wengi kuliko waliozaliwa. Mwaka 1664 pekee, tauni iliwaua watu wapatao 24,000 mjini Amsterdam. Kilichoziba mapengo ni mlango uliobaki wazi. Daftari za ndoa za mji huo, zilizoandika mahali alikozaliwa kila mchumba, zinaonyesha kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 wengi wa mabwana harusi hawakuzaliwa hapo. Walikuwa Wajerumani, Wanorway, Waflemi, na Wayahudi waliokimbia mateso ya Ureno na Hispania.

Palikuwapo pia Waafrika. Karibu na mtaa wa Jodenbreestraat, alikoishi mchoraji Rembrandt, iliishi jamii ndogo ya watu weusi, mabaharia na watumishi miongoni mwao. Mchoro wake wa Waafrika wawili, wa mwaka 1661, huenda unaonyesha majirani zake mwenyewe.

Bahari nayo ilidai watu. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilisafirisha karibu watu milioni moja kwenda Asia katika takriban karne mbili. Karibu nusu yao walizaliwa nje ya jamhuri, na zaidi ya nusu hawakurudi.

Wimbi la wageni lilipopungua na nguo za Leiden zikashindwa na za bei nafuu kutoka kwingineko, hesabu ziligeuka. Sensa ya 1795 iliikuta Amsterdam bado na watu zaidi ya 200,000, na Rotterdam imepanda hadi zaidi ya 50,000. Leiden ilibakiwa na 31,000 hivi, Haarlem 21,000. Enkhuizen, bandari ya wavuvi wa samaki aina ya heringi, ilikuwa na watu wasiofika 7,000. Nyumba zisizo na wapangaji zilibomolewa, na ng'ombe wakalishwa ndani ya kuta zilizojengwa kuulinda mji uliotarajiwa kuwa mkubwa zaidi.