Njia ya Changarawe na Gurudumu la Baiskeli

Mtu yeyote aliyepata kuendesha baiskeli kandokando ya barabara kuu ya lami itokayo Mwanza, ikapita Bunda na kwenda zake hadi mpakani Sirari, ilhali mabasi ya masafa marefu na malori ya mizigo yakimpita kwa kasi ya kupeperusha kofia, hahitaji kuelezwa kwa nini wenyeji wengi wa mkoa wa Mara, wanapokwenda mnadani, shambani, kisimani au kanisani, huiacha lami na kushika njia za changarawe zipitazo baina ya vilima vya mawe ya itale na mashamba ya mihogo na mtama. Njia hizo aghalabu hazina jina katika ramani, wala hakuna aliyezisimikia kibao. Walakini zina maungo yao, maradhi yao na adui yao, na habari zao zikichunguzwa kwa makini hutoa maarifa ambayo hata mzoefu wa kuzipita huenda hakuyadhania.

Tuanze na mwili wa njia. Ile changarawe nyekundu ambayo watu huiita moramu ni mabaki ya mwamba uliooshwa na mvua kwa dahari nyingi: katika nchi za joto maji huyeyusha silika ya mawe na kuichukua polepole, yakabakisha chuma na alumini, na chuma hicho, kikikutana na hewa, hushika kutu na kuupa udongo ile rangi inayong'ang'ania soksi za wanafunzi hata baada ya kufuliwa mara mbili. Hata hivyo si kila moramu yafaa kwa njia. Iliyo njema ina kokoto za kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi baina ya kokoto hizo, na mfinyanzi kiasi wa kuvishikamanisha vyote. Mfinyanzi ukizidi, njia huteleza masika yakiingia, na ukipungua, kokoto hulegea wakati wa kiangazi na gurudumu likakosa pa kushika. Fauka ya hayo, njia iliyotengenezwa kwa ustadi ina mgongo: katikati imetuna, na kwa kila mita moja ya kuelekea ukingoni hushuka takriban sentimita nne hadi sita, ili maji yasipate wasaa wa kukaa. Mgongo huo ukibomoka, maji hufuata alama za magurudumu, na kwa msimu mmoja tu palipokuwa na njia huonekana mfereji.

Mwenye shaka juu ya thamani ya moramu na ateremke tambarare za Bunda zielekeazo Ghuba ya Speke, penye udongo mweusi wa mbuga, ambao hunywa maji ukavimba na ukikauka ukapasuka nyufa za kutosha kumeza mguu wa mbuzi. Hapo baiskeli hukwama bila ya kuzama, kwa kuwa tope hujikusanya baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli, baada ya kulichokoa kwa kijiti mara kadhaa, huishia kuibeba begani ile iliyokusudiwa kumbeba yeye.

Lakini maradhi makubwa ya changarawe huletwa na mwendo, wala mvua haina hatia kubwa kama inavyosingiziwa. Nani asiyevijua vile vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kukata njia, kimoja baada ya kingine, kama migongo ya bati la nyumba, ambavyo humtetemesha abiria mpaka meno yakagongana? Kwa miaka mingi watu walivilaumu vyombo vyenyewe: mmoja alisema ni springi za magari, mwingine akasema ni ugumu wa matairi, wa tatu akataja aina ya mchanga. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kwa usahili wake lingeweza kufanywa katika karakana yoyote yenye mota na fundi mvumilivu: walitandaza mchanga juu ya meza ya duara izungukayo, wakaegesha juu yake gurudumu dogo, wakaiacha meza ipite chini ya gurudumu hilo mara nyingi. Mwendo ulipokuwa mdogo, mchanga ulibaki sawasawa. Ulipovuka kiwango fulani, vituta vilizuka, gurudumu liwe na springi au lisiwe nayo, liwe gumu au laini.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Hakuna njia iliyo sawasawa kabisa, na gurudumu likikutana na kinundu, hata kiwe kidogo namna gani, huruka kidogo. Likianguka huchimba, na lile lililochimbwa husukumwa mbele kuwa kinundu kingine, ambacho nacho hulirusha gurudumu lijalo. Likienda polepole, hukipanda kinundu na kukisawazisha. Likienda kasi, hukizalisha. Na kiwango chenyewe, kwa gari la kawaida, ni kilomita chache tu kwa saa, mwendo ambao dereva wa basi la kijijini hajapata kuuridhia tangu apewe leseni. Kwa hiyo greda ikipita leo kuvikwangua vituta, vitarudi maadamu magari yale yale yatarudi kwa kasi ile ile. Lililo katika uwezo wa greda ni kuahirisha.

Sasa tuitazame baiskeli. Nayo, kwa haki, huuvuka mwendo huo. Ila tafauti iko katika uzito. Baina ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wahandisi waliyaendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio, na katika hesabu zao ikapatikana kanuni ambayo hadi leo hutumiwa: uzito ulioko juu ya ekseli moja ukizidishwa mara mbili, madhara huzidi takriban mara kumi na sita. Majaribio yale yalikuwa ya lami na zege, ambazo ni imara, seuze moramu. Baiskeli na mwenyewe, pamoja na dumu la maji kwenye keria, huenda hawatimizi kilo mia na ishirini, na mwenye baiskeli hapiti njia nzima, huchagua uzi mwembamba ulio laini, leo kulia, kesho kushoto, hivyo kwamba mpito wake waweza hata kuishindilia njia badala ya kuibomoa.

Hayo yote yasingewezekana lau si hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, akitaka kumpunguzia mwanawe mitikisiko ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, alilivika gurudumu mpira uliojazwa hewa, na tangu hapo kila kokoto ikawa inamezwa na tairi badala ya kumrusha mpanda. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wa baiskeli hulipinga, nami nasimama upande wa pili: wao hujaza upepo mpaka tairi likalia likigongwa, wakidai kwamba tairi gumu ndilo jepesi. Juu ya lami laini dai hilo lina haki yake. Juu ya changarawe, kila mrusho ni nguvu ya miguu iliyopotea hewani, na tairi pana lenye upepo wa kiasi humpunguzia mtu uchovu, mradi tu keria haikubeba gunia la mkaa, kwa kuwa hapo rimu nayo ina dai lake.

Na faida ya chombo hiki si ya kubahatisha. Kwa jasho lile lile, mwenye baiskeli huenda mara tatu au nne ya mwendo wa mwenda kwa miguu. Mwaka 1934 kijana Kambarage, ambaye baadaye angekuwa Rais Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, masafa ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa maili 26. Kwa miguu ni siku nzima, na kwa baiskeli juu ya njia iliyo kavu ni asubuhi moja. Mwenyewe alibaki kuwa mtu wa miguu: Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Siku hizi msafara wa Twende Butiama huwaleta waendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka kijijini kwake, kwa kumbukumbu ya kufariki kwake tarehe 14 Oktoba 1999.

Ughaibuni, njia kama hizi zimekuwa mali ya kutafutwa kwa gharama. Wafaransa, baada ya kuijaza nchi yao magari, walirejea kwenye vijia vya kando ya mifereji, ambako zamani farasi walivuta mashua: mfereji wa Nantes hadi Brest, ambao Napoleon aliuamuru ili kuziepuka manowari za Waingereza, una kijia cha mchanga ulioshindiliwa kiendacho takriban kilomita 360. Mwaka 1997 wakafungua njia ya baina ya Givry na Cluny mahali pa reli iliyokufa, na mwaka 2004 sheria yao ya barabara ikaitambua rasmi njia isiyoruhusiwa chombo chenye mota. Sisi hatuna mifereji wala hatuhitaji kuua reli, na njia tunazo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuziandika kitabuni kuwa ni mali. Bodaboda zimekwisha kuingia humo kwa kasi ile ile inayozaa vituta, na kila barabara inapotiwa lami, kile kijia cha pembeni kilichokuwa cha baiskeli na watoto wa shule humezwa na bega la barabara.

Basi TANROADS, msimamizi wa barabara kuu, na TARURA iliyokabidhiwa barabara za wilaya tangu 2017, wasione haya kuacha mita mbili za moramu iliyoshindiliwa kando ya kila lami mpya ya Mara, zenye mgongo wake na mtaro wake. Nawe msomaji, ukiazimu kwenda kuziona, nenda Juni, masika yakiwa yameisha na vumbi halijawa kali. Punguza upepo wa tairi kidogo, na usisahau viraka na solushoni, maana miba ya migunga ya Bunda haibagui mgeni na mwenyeji.