Injini ya Eropleni Isiyo na Panga

Eropleni za kwanza ziliendeshwa na panga lililozungushwa na injini yenye pistoni, mfano wa injini ya motokaa. Mwaka 1928 kijana Mwingereza, Frank Whittle, aliyekuwa akisoma katika chuo cha marubani wa kivita huko Cranwell, aliandika kwamba eropleni ikitaka kwenda mbali na kwa mwendo mkali sana, hapana budi iruke juu kabisa, mahali ambapo hewa ni nyembamba. Lakini huko juu panga na pistoni hupungukiwa na nguvu. Mwaka uliofuata alipata jawabu.

Jawabu lenyewe si gumu kufahamika. Watoto wakipuliza kibofu cha mbuzi kisha wakakiachia, upepo hutoka nyuma nacho kibofu hurukia mbele. Katika injini ya Whittle hewa huvutwa ndani na kushindiliwa, kisha mafuta hunyunyiziwa humo na kuwaka. Moto huo huzungusha gurudumu lenye mapezi, ambalo ndilo linaloendesha mtambo wa kushindilia hewa. Na hewa ya moto iliyobaki hufyatuka kwa nyuma, ikaisukuma eropleni mbele.

Wakubwa wa Wizara ya Ndege hawakuona faida. Januari 1930 Whittle aliomba uvumbuzi wake uandikwe rasmi kuwa ni wake. Lakini mwaka 1935, wakati wa kulipa ada tena, hakuwa na pauni 5, kwani alikuwa na mke na watoto wawili. Wizara nayo ilikataa kumlipia. Basi haki yake ikapotea kwa shilingi 100 tu!

Mwaka 1936 marafiki walimsaidia kuunda kampuni, Power Jets. Tarehe 12 Aprili, 1937, injini ilijaribiwa mjini Rugby. Ikaanza kulia kwa sauti kali, na hata mafuta yalipofungwa ilizidi kwenda kasi, kwa sababu mafuta mengine yalikuwa yametuama ndani. Watu wakakimbia, Whittle akabaki pale pale, akishika vyombo vyake.

Wakati huo Mjerumani Hans von Ohain naye alikuwa kazini, wala hakungoja. Eropleni yenye injini yake iliruka tarehe 27 Agosti, 1939. Ile ya Whittle, yenye injini iliyoitwa W.1, iliruka Cranwell jioni ya tarehe 15 Mei, 1941, rubani akiwa Gerry Sayer, kwa muda wa dakika 17. Julai 1944 eropleni za Meteor ziliingia vitani kuyazuia mabomu ya Kijerumani yaliyoruka bila rubani.

Mwaka 1948 Whittle alipewa pauni 100,000 na cheo cha Sir. Na tarehe 2 Mei, 1952, Comet, eropleni ya abiria yenye injini za namna hiyo, ilitoka London kwenda Johannesburg, nayo ilitua Entebbe njiani.