Mtu wetu akikamatwa: wakili tumtafute wapi, na tutamjuaje?

Toleo hili tumeamua kugusa jambo ambalo familia nyingi hulizungumza kwa sauti ya chini, usiku, wakati mtu wao tayari yuko seli. Kijana ametoka jioni na pikipiki, hakurudi. Asubuhi jirani analeta habari: yuko polisi. Kabla hata chai haijachemka, anafika mtu mwenye faili mkononi, anasema anamjua hakimu, anawajua askari, leteni elfu ishirini kabla ya saa sita mambo yaishe. Familia, kwa woga, inauza cherehani.

Huyo mwenye faili mara nyingi si wakili. Ni broka. Na hata akiwa wakili, mtu anayeanza kwa kutaja hakimu anayemjua badala ya kuuliza mtoto wenu ameshtakiwa kwa kosa gani, sisi tungemwambia asante, tutakutafuta.

Tuanze na yale ambayo hayahitaji pesa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, haisemi "raia", inasema mtu aliyekamatwa. Mkimbizi naye ni mtu. Anatakiwa kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuongea na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na anatakiwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Kama saa hizo zinaishia siku ambayo korti haifanyi kazi, basi siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo ukifika kituoni, usianze kwa kulia wala kwa kugombana. Uliza kwa heshima: anashikiliwa kwa kosa gani, nambari ya OB ni ipi, atapelekwa korti gani na siku gani. Andika majibu kwenye karatasi. Wakili yeyote wa kweli, hayo ndiyo maswali yake ya kwanza.

Jibu la siku ya kwanza

Wengi wetu tunadhani wakili ni wa siku ya hukumu. Sivyo. Anahitajika zaidi siku ile ya kwanza, mtuhumiwa anaposomewa mashtaka na kuulizwa, ni kweli au si kweli? Sasa sisi tumelelewa kwa adabu. Mkubwa akikuuliza, humkatalii uso kwa uso. Kijana anajibu, "Ni kweli mheshimiwa, lakini..." Anataka kusema ni kweli alikuwepo pale, ni kweli waligombana, lakini yule mwingine ndiye aliyeshika panga. Hilo "lakini" likipotelea kwa mkalimani, linalobaki kwenye faili ni "ni kweli". Na katika sheria ya Kenya, aliyekubali kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa kusema hana hatia. Anachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au kama adhabu hiyo ni halali.

Mahakama zenyewe zinaijua hatari hii. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, hakimu anatakiwa kuhakikisha mashtaka yamesomwa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha asomewe jinsi mambo yalivyotokea na apewe nafasi ya kupinga. Akipinga, au akiongeza neno linaloonyesha hakubali, iandikwe kwamba amekana. Lakini siku yenye foleni ya watu thelathini, nani atasimama na kukumbusha? Ndiyo kazi ya wakili.

Kama wakili hajapatikana bado, mwambieni mtu wenu aseme hivi: "Naomba muda niongee na wakili kabla ya kujibu." Na kama hasikii vizuri lugha ya pale, aseme hivyo kwa sauti. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mkalimani bila malipo. Wala asione haya kwa kuwa anazungumza Kiswahili. Kiswahili cha Bukavu na Kiswahili cha korti ya Kenya ni ndugu, lakini hawalali nyumba moja. Anayefikiri kwa Kirundi au Kinyarwanda aombe Kirundi au Kinyarwanda.

Mlango wa kwanza wa kugonga

Kabla ya kutafuta wakili wa kulipa, gongeni mlango wa msaada wa bure. Shirika la Refugee Consortium of Kenya, ambalo wengi tunaliita RCK, lilianzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya mambo ya sheria ya wakimbizi, na mawakili wake husimamia kesi kortini. Ndugu zetu walioko Nairobi wanakijua pia Kituo cha Sheria, ambacho kipo tangu 1973. Hapa kambini, ulizeni kwenye dawati la ulinzi ni siku gani wanasheria wanaona watu, na nani anapokea habari za dharura za mtu aliye seli.

Kuna na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Wengine hawaamini tukiwaambia: sheria hiyo imewataja wakimbizi kwa jina miongoni mwa watu wasio na uwezo wanaoweza kuomba wakili wa bure. Katiba nayo inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Kesi za mauaji huenda Mahakama Kuu, na huko mshtakiwa asiye na wakili hupewa mmoja na serikali. Hivyo mtu akiwaomba laki mbili kwa kesi ya mauaji na hajawaeleza habari hiyo, ana kitu anawaficha.

Mkiwa na mtoto aliyekamatwa, mambo ni tofauti tena. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai, na aliyezidi hapo hatakiwi kuwekwa seli moja na watu wazima. Bebeni karatasi yoyote yenye tarehe ya kuzaliwa, hata kadi ya kliniki.

Wasaidizi wa sheria wa blok zetu wanafanya kazi nzuri ya kueleza, kuandika na kufuatilia. Tunawashukuru. Lakini wao si mawakili, hawawezi kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu, na mzuri kati yao atakuambia hivyo mwenyewe.

Kama ni lazima kulipa

Wakili, au avoka kama tulivyozoea kumwita kule Kongo, lazima awe na jina kwenye orodha ya mawakili na awe na cheti cha kufanya kazi cha mwaka huohuo. Cheti hicho hufa kila tarehe 31 Desemba. Cha mwaka jana ni karatasi tu. Chama cha Wanasheria wa Kenya, LSK, kina orodha kwenye intaneti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina; kijana wenu mwenye simu ataimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Tafuteni jina, kisha mpigie ofisi yake na muulize kama kweli ndiye huyu aliyekuja kwenu. Tunasema hivyo kwa sababu mwaka 2023 magazeti ya Kenya yalijaa habari za kijana aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia akaunti ya wakili halisi ambaye majina yao yalifanana. Jina kwenye orodha peke yake halitoshi.

Ukishajua ni wakili, jua ni wakili wa nini. Yule aliyemwandikia mjomba mkataba wa duka anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini kesi ya jinai ni kazi nyingine. Muulize amefanya kesi ngapi za aina hii, na kama anasimama mara kwa mara katika korti ya Kakuma au Lodwar. Muulize ni yeye atakayekuja au atatuma mwingine. Wakili wa Kitale au Eldoret anaweza kuwa hodari, ila kila kesi ikiahirishwa nauli na malazi yake vinarudi kwenu, na kesi huahirishwa, bwana, tena na tena.

Sikilizeni pia anavyojibu. Anayesema "hii nitashinda" bado hajasoma faili. Anayesema "ngoja kwanza nione karatasi ya mashtaka na maelezo ya mashahidi" ndiye tunayempenda.

Pesa zizungumzwe siku ya kwanza, ziandikwe. Ni za kesi yote hadi hukumu, au za siku ya dhamana tu? Rufaa imo? Kila shilingi ipate risiti ya ofisi. Wengi wetu pesa ya wakili hutoka kwa ndugu aliyeko Marekani au Australia, anayefanya kazi usiku ili atume. Mwambieni ndugu huyo asitume kwa simu ya mtu wa katikati. Na wakili akikula pesa yenu halafu asionekane kortini, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Malalamiko hayo yanahitaji risiti na makubaliano yaliyoandikwa, ndiyo maana tunasisitiza karatasi.

Pombe na pikipiki

Hili linawahusu vijana wetu wa boda boda. Kuendesha ukiwa umelewa si kosa dogo Kenya. Sheria ya Trafiki inaruhusu faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Mtu asidanganywe kukubali haraka "ili aende nyumbani".

Wakili anayezijua kesi hizi atauliza maswali ambayo broka hayajui. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliangalia kanuni za alkoblo, kile kifaa cha kupuliza, ikaona hazilingani na Sheria ya Trafiki yenyewe. Sheria hiyo haisemi tu kwamba mtu amekunywa. Inasema amelewa kiasi cha kushindwa kukiongoza chombo vizuri. Basi wakili atauliza: nani aliona anavyoendesha? Alikuwa anaendesha, au alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa? Daktari alimwona? Saa ngapi? Harufu ya busaa peke yake ni habari nyingine.

Hatusemi haya ili mtu anywe na kupanda pikipiki. Abiria wa nyuma ni mama wa mtu.

Aliyelewa akipiga kelele njiani bila kuendesha chochote, kosa lake ni jingine na adhabu yake ni ndogo sana. Katiba inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hatakiwi kuwekwa rumande. Hapo kukopa elfu thelathini za wakili ni kujitia umaskini bure.

Kesi ambayo wazee hawawezi kuimaliza

Tunaogopa kuandika hili, lakini tutaandika. Kijana wa miaka 20 anachukua binti wa miaka 16, wazazi wanakubaliana, ng'ombe au pesa inatoka, wazee wa blok wanabariki. Kwa sheria ya Kenya hiyo si ndoa. Ni kunajisi mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa binti wa miaka 16 au 17, kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na cha maisha kwa wa miaka 11 kushuka chini. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Binti kusema alikubali hakumwokoi kijana, na wazee kupatana hakuifuti kesi, maana anayeshtaki ni serikali. Binti naye ana haki zake; haya tunayoandika si ya kumnyamazisha.

Kesi ya namna hii isisomwe bila wakili hata siku moja. Umri wa wote wawili ndio kesi yenyewe, na karatasi zetu za kambi mara nyingine zina tarehe ya 1 Januari kwa kila mtu nyumbani.

Dhamana na baada ya hukumu

Wenyeji huweka hati ya shamba au logibuku ya gari. Sisi hatuna. Wakili mzuri anajua hilo, ataomba dhamana ya pesa taslimu ya kiasi mnachokiweza, na atamweleza hakimu kwamba mtu huyu ana mke, watoto na kadi ya chakula hapahapa Kakuma, hatakimbia. Pesa hiyo si faini. Kesi ikiisha na mtu akiwa amehudhuria siku zote, inarudishwa kwa aliyeweka, kwa hiyo jina kwenye risiti liwe la mtu mnayemwamini na risiti isikae chini ya godoro ambapo mvua inaingia.

Akihukumiwa, hesabuni siku 14. Huo ndio muda wa kupeleka rufaa Mahakama Kuu kutoka kwa hakimu. Aliye gerezani anaweza kuipeleka kupitia mkuu wa gereza, hata bila wakili. Lodwar ni kama kilomita 120 kutoka hapa, hivyo anayekwenda kumwona wiki ya kwanza aende na nakala ya hukumu, jina la korti na nambari ya kesi, na amuulize mfungwa kama fomu ameshapewa.